Spika ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Mama hasikii tena redio. Tangu aje kukaa nasi hapa Mabatini, kila Jumamosi mchana hubandika sikio kwenye redio, akingoja salamu za mdogo wake Teodora aliyeko Kamachumu. Teodora hutuma kadi, mtangazaji huzisoma. Juzi zilisomwa, nikazisikia vizuri kabisa. Mama hakusikia kitu. Leo amemwambia mke wangu, Evelina, kwamba Teodora amemsahau. Imeniuma sana.

Evelina anauliza kwa nini nisimwambie tu. Kumwambia! Mimi niliyesoma elektroniki kwa njia ya posta. Nitamtengenezea spika.

Jumatano, 6 Agosti
Spika za zamani ninazo nne, nimeziokota huku na huko. Ipi bora? Fundi wa kawaida angezisikiliza. Mimi nazipima. Kompyuta ni ile ambayo ofisi yetu iliitupa stoo ilipoleta mpya. Kipaza sauti ni cha kwaya. Nilimwambia Revocatus, mwalimu wa kwaya, kwamba kinahitaji uchunguzi. Alishukuru, maskini.

Kompyuta inapiga sauti inayopanda, kuanzia ngurumo hadi mluzi. Kipaza sauti kinaisikia, kisha mstari unachoreka kwenye kioo. Mstari ulionyooka ndiyo spika nzuri. Wangu ulikuwa na shimo katikati na mlima pembeni. Mlima ni jogoo wa Mayala. Mayala ni jirani, anarekodi kanda za muziki, na ananionea wivu. Nina hakika jogoo aliwika kwa makusudi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, sikukuu. Watu wako kwenye maonyesho, mimi napambana na shimo. Sababu ni mwangwi wa kuta. Dawa yake ni kuta laini. Nimetundika mablanketi, vitenge vya Evelina na godoro la Mama.  Mama alichukua mkeka akaenda kukaa nje, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na surua. Nilitaka kumweleza, lakini kumweleza kunataka kupaza sauti, na nilikuwa napima.

Shimo limepungua. Evelina ameuliza atalala wapi mama yangu. Nimerudisha godoro, shimo nalo likarudi.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya salamu. Spika ya tatu ilikuwa karibu kunyooka. Kilichobaki ni utulivu. Nikatundika tena godoro, nikamwomba Mama atoke nje, na Evelina azime redio.

Ndiyo. Nilizima redio saa ya salamu.

Nikapima. Mstari ukajaa vichaka. Mayala alikuwa amefungulia redio yake hadi mwisho! Nikatoka nimekunja mikono ya shati. Nikamkuta kachuchumaa kwenye mkeka, mdomo kwenye sikio la Mama, akirudia kila alichosema mtangazaji: kwamba Teodora anamsalimu dada yake Bernadetta, anamwambia ile mibuni ya baba imetoa maua, na anauliza mbona yuko kimya. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja. Nikashusha mikono ya shati.

Mayala alipoondoka, Mama aliniuliza kama Jumamosi zilizopita nazo kulikuwa na salamu. Nikakaa alipokaa mwenzangu. Nikamwambia zote, moja moja, sikioni. Alinishika kichwa muda wote, ili nisikimbilie kwenye mashine. Nampenda sana mama yangu. Tuliandika kadi ya kumjibu Teodora.

Jumapili, 10 Agosti
Kwaya imeimba bila kipaza sauti, Revocatus akiniangalia kwa huzuni. Mama anasema hakuona tofauti.

Nimetafakari yaliyotokea jana na nimepata jibu. Mama alimsikia Mayala vizuri. Alinisikia na mimi. Kwa hiyo midomo yetu haina shimo! Nimemwomba Evelina anishikie kipaza sauti nipime wangu, halafu nitafute spika yenye mstari kama huo. Mayala amekubali kupimwa kesho, akidai wake umenyooka zaidi. Tutaona.

Ninahitaji godoro tena. Nimemweleza Mama sikioni ni la kazi gani. Amecheka mpaka akashika ukuta, kisha akalikunja mwenyewe, akanisaidia kulitundika.