Josho la Didia na Tumbo Langu

Jamaa zangu, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia upesi kabla habari haijawafikia huko Kahama kwa midomo ya watu.

Tumbo langu mnalijua. Juzi mganga wa zahanati alinipima mkojo, akasema sukari imeanza kupanda.

"Mwalimu, ingia maji ya baridi hadi shingoni. Hesabu mia. Toka, pumzika juani, urudi tena. Mwili ukitafuta joto unachoma mafuta."

Na posa yangu kwa Kabula inajibiwa Jumapili! Nikataka nipungue walau tundu moja la mkanda.

Lakini kiangazi hiki maji ya kufika shingoni utayapata wapi hapa Didia? Kwenye josho jipya la ng'ombe tu, lile la kijiji cha ujamaa. Lina maji matupu, dawa bado haijatiwa. (Niliuliza. Si mjinga kiasi hicho.)

Asubuhi nikaacha nguo zangu mlangoni mwa josho, nikabaki na chupi. Nikaingia. Baridi ilinitoa machozi. Nikatoka, nikajilaza juani juu ya ukuta, nikarudi. Raundi ya tatu nikasikia kengele za ng'ombe na sauti ya Mzee Masanja, baba yake Kabula. Mwenye akili angekimbilia nguo. Mimi nikazama nijifiche, nikidhani wanapita kwenda malishoni.

Kumbe leo ng'ombe walikuwa wanazoeshwa kurukia joshoni. Ilitangazwa kwenye mkutano wa kijiji, ule nilioukwepa nikalale.

Fahali wa kwanza akatua mbele ya pua yangu. Nikashika ukuta nijivute juu, tumbo likakataa. Akaja wa pili. Ikabidi niogelee kwenye foleni, nikapanda ngazi za kutokea, nikasimama zizini katikati ya mitamba, natiririka maji. Watu wameegemea ua. Kabula yumo.

"Shikamoo, Mzee." (Wewe ungesema nini?)

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama."

Akanikagua taratibu, kama yuko mnadani.

"Sisi mahari tulikutajia ng'ombe kumi," akasema. "Hatukusema na wewe uwe mmoja wao."

Kabula akacheka mpaka akakaa chini. Mzee akafungua lango.

"Jumapili njoo tuzungumze. Ila uje umevaa."

Sasa mganga ananiuliza kama nimepungua. Nimepungua sana, ila si tumboni.