Begonia ya Mama na Mgeni Mnyenyekevu

Jumatatu, tarehe 4

Nimefungwa mdomo! Mimi! Kwenye kundi la Wapenda Majani, kundi nililolijenga kwa jasho langu. (Sawa, lilianzishwa na Mwalimu Mstaafu. Lakini nani aliyelichangamsha?) Wiki nzima nasoma tu kwenye simu, sina ruhusa ya kuandika hata neno moja. Kama mtoto aliyesimamishwa pembeni mwa darasa.

Na kosa ni nini? Nimefuata sheria. Sheria ya kundi inasema kabla hujamkosoa mwenzako, msifie kwanza kitu kimoja. Nikasifia. Daktari wa Meno alikuwa ameandika kwamba mimea ya ndani inywe maji kutoka chini: weka chungu kwenye beseni, mizizi ivute yenyewe, kisha uiache mpaka udongo ukauke. Nikamjibu: "Daktari, nukta zako umeziweka mahali pake. Maoni yako yanaua mimea. Hayo meno yenyewe sijui kama yanapona." Sifa moja, kama ilivyoagizwa. Sheria haikusema mtu akosoe mara ngapi!

Mimi ni mtu wa maji ya juu. Kila asubuhi, kikombe kizima, kutoka juu. Mvua haitoki kwenye beseni. Hoja hiyo hakuna aliyeijibu mpaka leo.

Begonia ya marehemu mama imeangusha jani jingine. Hali ya hewa tu hiyo.

Jumanne, tarehe 5

Dada yangu mkubwa kapiga simu. Jumamosi anakuja. Kwanza kauliza hali yangu, kwa haraka, kisha akauliza hali ya begonia, polepole. Nikamwambia imestawi mpaka inatutisha.

Kwa nini nilisema vile? Shina limelegea chini, limekuwa jeusi. Majani yanaanguka hata nikikohoa. Na mapatano yetu baada ya msiba anayakumbuka vizuri: begonia ikae kwangu kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu na mama, lakini siku akiikuta imedhoofika anaondoka nayo. Vyombo vya mama alichukua yeye. Mimi sikutaka kitu kingine chochote, nilitaka mmea ule tu.

Nimeongeza maji. Vikombe viwili.

Mke wangu kashauri nimpigie magoti Daktari wa Meno, maana kila mwenye mmea mgonjwa anakimbilia kwake. Nikamwambia afadhali nipigie magoti jiwe. Akasema basi wifi yake akija nimpe jiwe abebe.

Jumatano, tarehe 6

Wazo! Zuri mpaka nimejipa mkono mwenyewe.

Simu ya zamani ya mke wangu bado inawaka. Nimefungua akaunti mpya: Mgeni Mnyenyekevu. Ni binti mdogo, kaanza kupanda majuzi, hajui lolote, anaomba msaada. Nani atamkatalia?

Hatari ilikuwa picha. Wale watu wamekwisha kuona pazia langu, meza yangu, hata soksi zangu. Lakini mimi ni mpiga picha kwa kazi, na humo ndani wananiita hivyohivyo, Mpiga Picha. Nikaibeba begonia mpaka studio ng'ambo ya barabara. Nikaihamishia kwenye sufuria kuukuu ya mke wangu. Nikaiketisha kwenye kiti cha wateja, kitambaa cheupe nyuma, taa mbili, hakuna kivuli. Ana kwa ana, katikati kabisa. Picha safi ya pasipoti! Kwa mazoea nikaiambia iinue kidevu. Mteja aliyekuwa akisubiri akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Nikaituma. Hakuna pazia, hakuna meza, hakuna soksi. Mpelelezi yeyote wa majani angekwama pale.

Wamenikaribisha kama bi harusi. Konda, yule mkata tiketi wa mabasi anayefuga mishubiri, kasema sufuria yangu inapendeza. Mwalimu Mstaafu kasema binti mwenye adabu kama mimi alikuwa akikosekana kundini. (Anamsema nani?) Kisha Daktari wa Meno mwenyewe akaandika, marefu, bila kejeli hata chembe. Mmea umezama. Maji mengi. Chini pameoza lakini juu pana uhai: nikate sehemu ya juu vipande, nivipande kwenye udongo mkavu wenye mchanga, nisiviguse kwa maji. Akaniita mdogo wangu. Mimi, mwenye mvi kidevuni.

Nikauliza, kwa unyenyekevu, kama si kweli kwamba kuna mwanakundi mmoja mashuhuri anayefundisha maji ya juu. Akajibu kwamba yupo, ana hasira za karibu lakini anaupenda mmea wake kuliko wengi, na kwamba akimaliza adhabu nitafurahi kumfahamu.

Nimeisoma mara nyingi. Sipendi mtu anisifie nikiwa sipo.

Alhamisi, tarehe 7

Siwezi kukata.

Mkasi mkononi asubuhi nzima, studio imefungwa. Shina lile mama alilishika kila siku. Alikuwa akifagia sebule huku akiisimulia begonia habari za mtaa, na sisi watoto tukajua siri za majirani kwa kutega sikio. Nikikata na ikafa, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nilimwandikia Daktari maneno hayohayo, faraghani. Nikakumbuka mimi ni binti mdogo. Nikafuta, lakini sijui kama niliwahi, kwa sababu alama ya kusomwa ilikuwa imeshatokea. Nikaandika tu kwamba mkono unatetemeka.

Alijibu katikati ya wagonjwa. Akasema hata yeye, na miaka yake yote kazini, mkono humtetemeka kabla ya kung'oa jino la mtoto. Mtu wa nyumbani akushikie chungu, akasema. Vuta pumzi. Kata chini kidogo ya kifundo, kwa mara moja, usisitesite. Akaongeza kwamba atakaa hapohapo na simu mpaka nimalize.

Mke wangu akashika sufuria. Nikakata. Vimepatikana vipande vitatu vizima, na kila kimoja tumekipanda kwenye kikombe chake. Shina la chini lilikuwa limeoza kabisa, linanuka. Nikalia kidogo. Mke wangu naye akalia, kisha akasema mama mkwe angetucheka wote wawili.

Nikamwandikia Daktari: tayari. Akanitumia ua moja, basi. Nilitaka kumwambia asante kwa jina langu. Mdomo umefungwa.

Ijumaa, tarehe 8

Mgeni Mnyenyekevu anapendwa mno. Ni upotevu kumwacha akae bure.

Asubuhi kaandika kwamba yeye ni binti asiye na upande, lakini moyo unamuuma kusikia kuna mwungwana mmoja kafungwa mdomo. Hajawahi kukutana naye. Anasikia tu kwamba ni mtu wa busara, mpiga picha hodari, na si mbaya wa sura. Konda akauliza kasikia wapi. Mgeni akasema habari zimezagaa.

Mchana mwenye mikaktasi mmoja akaleta picha zake na kudai maji ya juu ni ushamba. Kabla sijajizuia, Mgeni akamjibu kwamba vidole vyake ni visafi, ila kaktasi yake imechoka kumtazama.   Kisha Mwalimu Mstaafu akasema, taratibu, kwamba binti yetu bila shaka ana wiki ngumu, akajipumzishe kidogo.

Wiki ngumu! Amejuaje?

Jumamosi, tarehe 9

Siku ya balaa. Niandike kwa mpangilio.

Dada kafika kabla ya saa aliyosema, kama kawaida yake. Hakuketi. Akaenda moja kwa moja dirishani na kukuta pako wazi. Nikamwambia begonia iko studio, inapigwa picha. Akasema twende basi, si ni hapo ng'ambo. Nikamwambia imelala. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikisema paka ndiye aliyekula sukari.

Vikombe vitatu vilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alivikuta. Akasimama navyo, vijiti vitatu vyenye majani mawilimawili, akavigeuza kimoja kimoja. Akasema: "Ndiyo hii? Nilikuachia mama, nikakuta vijiti?"  Nikaanza kusema habari ya hali ya hewa.

Hapo ile simu ya zamani ya mke wangu ikalia mezani. Ikalia tena. Haikunyamaza. Dada akaichukua.

Alikuwa Mwalimu Mstaafu. Ameandika kundini kwamba adhabu ya Mpiga Picha ameifuta kabla ya muda, na anamwomba Mgeni Mnyenyekevu amfikishie salamu, kwa kuwa wanakaa mwili mmoja. Konda akafuatia: begonia ile anaijua miaka mingi, jani lake la kushoto lina pengo kama sikio la mbuzi wa sokoni, asingeweza kuikosea hata gizani. Mwenye mikaktasi akasema naye aliitambua mara ileile. Wote! Tangu picha ya kwanza!

Nikamwuliza mke wangu wamewezaje, na mimi nilifuta kila kitu, nikaacha uso wa mmea peke yake. Akaniuliza picha ya pasipoti kazi yake ni nini hasa. Nikaona aibu mpaka masikioni.

Dada alikuwa bado anasoma. Alipanda juu, ujumbe kwa ujumbe. Konda alikuwa ameeleza kwamba Daktari wa Meno aliwaomba wenzake mmoja mmoja, faraghani, tangu Jumatano, wasiseme kitu. Alisema Mpiga Picha ana mdomo mchafu, lakini mmea ule ni wa mama yake, na mtu akija amejifunika uso kuomba msaada apewe kwanza msaada. Hata maneno yangu ya kumzika mama mara ya pili aliyasoma kabla sijafuta. Hakumwonyesha mtu. Asubuhi hiyo aliniandikia mimi tu, faraghani, kwamba aliyaona na anasikitika pamoja nami.

Dada akaketi hatimaye. Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Akasema mimi ni mjinga tangu utotoni na kwamba mama naye alikuwa ndiye mwalimu wangu wa ujinga huo: aliizamisha begonia kila asubuhi, akiizungumzisha, na yeye dada ndiye aliyekuwa akiyamwaga maji ya ziada mama akigeuka. Miaka yote ile! Hakutaka kumvunja moyo.

Tukacheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Dada kachukua kikombe kimoja. Viwili kaniachia. Akasema sasa mama anakaa kwetu sote, na asisikie tena habari ya mtu kunyang'anya.

Jumapili, tarehe 10

Nimeandika kundini, kwa jina langu mwenyewe: "Daktari, una moyo mzuri. Sina la kukosoa." Nilikawia kuituma kwa sababu sifa bila kosa nyuma yake ilionekana fupi. Wamejaza mioyo. Mwenye mikaktasi nimemwomba radhi, na kaktasi yake pia. Akaunti ya Mgeni nimeifuta mbele ya mke wangu kama shahidi.

Nimeapa: jina moja, mdomo mmoja, tena mpole. Najisikia mwepesi. Hata beseni nimenunua.

Jumatano, tarehe 20

Jani! Kikombe cha kwanza kimetoa jani, dogo kama ukucha, limekunjana, lina madoa meupe kama ya mama. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Nikalisimulia habari za mtaa. Sikulimwagia kitu.

Nikatuma picha kundini. Pongezi tele. Daktari wa Meno kasema amefurahi kama wake. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kwa muda wa kunywa chai ile baridi.

Kisha dada akatuma ya kwake. (Nani alimwingiza kundini? Mke wangu!) Majani mawili. MAWILI! Mioyo ikamiminika kwake kuliko kwangu, na Mwalimu Mstaafu kalitangaza lake kuwa Jani la Wiki. Kisha dada akaja chini ya picha yangu, mbele za watu, akaandika: "Kikombe kizuri, mdogo wangu. Ila mwanga huo ni hafifu." Mwanga! Ananifundisha mwanga mimi, mtu wa studio!

Nimetulia. Nimekumbuka kiapo. Kiapo kinanihusu mimi, hakimhusu mtu mwingine.

Kwa hiyo kundini leo ameingia Bibi Mstaarabu, ajuza wa heshima, mjane, hana upande wowote. Ameuliza tu, kwa upole wa wazee, kama inawezekana majani mengine siku hizi yanabandikwa kwa gundi. Hakutaja mtu. Picha hakutuma kabisa, maana mimi ni mtu wa kujifunza kutokana na makosa.

Daktari wa Meno ndiye wa kwanza kumjibu. Kaandika: "Karibu tena, bibi."

Tena? Maskini Daktari, kazi imemchosha. Hajawahi kukutana na ajuza huyu maishani mwake.