Binti Ndiye Avuke

Alhamisi, 5 Juni
Nimeamka na hasira. Rahel, mchumba wangu, amerudia: nikimtaka, nihamie kijijini kwao Matombo, nijenge kwenye ardhi ya mama yake. Mimi! Mtafsiri wa filamu, sauti inayojulikana katika vibanda vyote vya video toka hapa mjini mpaka Mikese, nikapalilie migomba ya mama mkwe! Eti Waluguru ndivyo tulivyo, mume humfuata mke. Najua. Hata baba alifanya hivyo, na nani alimtuma?

Ijumaa, 6 Juni
Dawa imepatikana. Filamu ya Kikorea. Nimesikia nchi imekatwa vipande viwili, askari wa kaskazini kampenda binti daktari wa kusini, mpakani risasi tu. Nitaionesha kwao Matombo, nitafsiri papo hapo kwa kipaza sauti. Kwa sauti yangu binti atasema anaacha kwao, anamfuata mwanamume. Rahel aone mwenzake anavuka mabomu, yeye anashindwa kushuka mjini! Kikorea sijui. Kuitazama kabla ni kazi ya wasio na kipaji.

Jumapili, 8 Juni
Washenzi hawa Wakorea. Kibanda kilijaa baada ya Misa. Rahel mbele, pembeni mjomba wake Severini, mwenye kauli ya mwisho kuhusu ndoa yetu. Nikamwamkia kwa adabu zote. Binti akalia, nikasema anafunga mizigo. Mara askari katupa bunduki, kakimbilia kusini, mama wa binti anampakulia wali! Mimi bado natangaza kwamba binti ndiye kavuka. Shamsia muuza ndizi akauliza kama mtafsiri ni kipofu. Mjomba akasema askari yule kalelewa vizuri. Vigelegele. Nikazima jenereta. Wakanizomea hadi barabarani.

Jumatatu, 9 Juni
Rahel kanifuata mjini. Hakugomba. Alisema askari alipovuka, alijua nimeileta filamu ile kumwambia kwamba nimekubali. Keshamwomba mama yake asafishe kiwanja. Akauliza kama nakuja. Nilitaka kusema ndiyo, Mungu anajua nilitaka. Nikamweleza kwamba Wakorea wamekosea. Kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 21 Juni
Emmanuel, fundi wa jenereta langu, anachimba msingi wa nyumba yake kwenye kiwanja kile. Mwanamume hana msimamo hata kidogo! Nimelia, lakini kwa hasira. Kisha nimeikata filamu pale kabla askari hajavuka. Sasa amesimama upande wake, bunduki mkononi, anamngoja binti aje. Huo ndio mwisho sahihi. Nimeutazama asubuhi nzima.