Soksi ya Jumapili

Uvumi ulinikuta gatini nikinunua samaki. Nikalala nao, nikaamka nao: eti binti yangu Grizel anafuma soksi Jumapili, siku ya Sabato, tena mbele za watu.

Nilibisha. Kwetu Pitkerrow, kama kwingi Uskoti, hata viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi. Kumbe kweli. Mkwe wangu Lachlan, mchoraji, alimchora mkewe akifuma soksi, na picha ikatundikwa katika ukumbi wa mji. Picha haijui kupumzika. Jumatatu anafuma, Jumapili anafuma.

Kwa busara yake, Meya Tulloch akatangaza Kamati ya Kusimamia Mapumziko ya Watu Waliochorwa. Kamati ilikaa mbele ya picha Jumapili nzima, ikathibitisha kwamba mtuhumiwa hakuweka sindano chini hata mara moja. Uamuzi: asipotubu, mwanawe mchanga habatizwi.

Mjukuu wangu alikuwa anakohoa. Mama yeyote anajua nililalaje.

Nikamsihi Lachlan azifute sindano. Akasema akizifuta, mikono itabaki kama ya ombaomba, na kamati nyingine itaundwa.

Tukaitwa ukumbini. Grizel akaja na mtoto begani.

“Binti, ulifuma au hukufuma?” Meya akauliza.

“Nilifuma Jumanne, Bwana Meya.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili nilikuwa kanisani, nyuma yako. Ulikuwa unakoroma.”

Mchungaji akatazama viatu vyake. Meya akafafanua kwamba, kiutaratibu, aliye pichani ndiye mwenyewe. La sivyo, kwa nini wananchi huvua kofia mbele ya picha ya Meya? Hoja nzito. Hata mimi niliyumba.

“Basi na huyu?” Grizel akasema, akielekeza kidevu ukutani.

Tukageuka. Meya wa pichani, mkufu wa mji shingoni, ameinua fimbo ya gofu. Gofu, Jumapili, miaka yote ile.

“Bwana Meya,” mchungaji akauliza taratibu, “ulicheza au hukucheza?”

“Ile ni picha tu, mchungaji.”

“Katibu, andika hivyo.”

Mtoto akabatizwa, akalia vizuri. Na kofia pale ukumbini hazivuliwi tena.

Mama wenzangu, epukeni haya:

Kumwoza binti kwa mchoraji.

Kuchorwa ukiwa na kazi mkononi.

Kumweka mtoto bila ubatizo mkingoja wakubwa waelewane.

Kuitisha kikao chini ya picha yako mwenyewe.