Muungano Rasmi wa Akili na Mwili

Jumatatu asubuhi Wizara iliutangazia umma kwamba, kuanzia saa hiyo, akili na mwili wa mwananchi vimeunganishwa rasmi. Kabla ya hapo kila kimoja kilikuwa na chumba chake katika zahanati: mwili ulitibiwa kwa nesi, akili ikatibiwa kwa mshauri, nyuma ya mlango uliofungwa. Mtu anayeumwa vyote viwili alilazimika kupanga foleni mara mbili.

Mkurugenzi wa Huduma Jumuishi, ambaye walio chini yake walimwita Bwana Mkakati akishawapa kisogo, aliupokea uamuzi huo kwa uzito uliostahili. Aliita mafundi, wakabomoa ukuta kati ya vyumba viwili. Hakuona utata wowote. Kilichotenganisha huduma ni ukuta. Ukuta ukiondoka, huduma zimeungana. Kiti cha mshauri kikawekwa kando ya meza ya nesi, na benchi la wanaosubiri sindano likatazamana nacho uso kwa uso.

Matokeo yalikuja haraka kuliko alivyotarajia. Watu waliokuwa wakija kwa mshauri kulia waliacha kulia. Mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe alifika, akamwona wifi yake benchini, akasema amekuja kwa kikohozi. Akapewa dawa ya kikohozi. Haikupita miezi mingi, zahanati nzima haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa akili, na Mkurugenzi akaiarifu Wizara kuwa eneo limepona.

"Hawajapona, Mkurugenzi," mshauri alimwambia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia moja mbaya: akiuliza swali, alingoja jibu. "Wamenyamaza."

"Mama, mtu mzima aliyenyamaza ana shida gani?"

"Tuwekee japo pazia."

"Pazia ni ukuta laini," alisema Mkurugenzi, na sentensi hiyo ikampendeza hata akaiweka akiba ya hotuba.

Hotuba ilikuwa karibu. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri alikuwa anakuja kujionea. Mambo yakienda sawa, Mkurugenzi angekikalia. Yakienda kombo, walikuwapo wenzake waliomchekea usoni na kumchimba chini kwa chini.

Waziri alifika na wapiga picha wake. Akataka kuona mgonjwa mmoja wa akili akihudumiwa.

Benchi zima likakagua dari.

"Mimi goti tu, mwanangu," alisema babu mmoja kabla hajaulizwa.

"Mgonjwa ni huyu," alisema mama aliyepakata mtoto. "Mimi msindikizaji."

Mkurugenzi aliona cheo kikimponyoka kama sabuni. Akavua koti, akaketi mwenyewe mbele ya mshauri. "Nitatoa mfano, Mheshimiwa."

Kwa kuwa huduma ilikuwa jumuishi, nesi alimbana kidoleni kifaa cha kupima mapigo ya moyo wakati uleule mshauri akianza maswali. Mashine ilikuwa mpya, na namba zake nyekundu zilisomeka hadi mlangoni.

"Unalala, baba?" aliuliza mshauri.

"Nalala vizuri sana."

"Inapanda," alisema babu wa goti, kwa faida ya walioketi nyuma.

"Kazini je?"

"Shwari kabisa."

"Inapanda tena hiyo."

"Mdomo una lake na moyo una lake," mshauri alisema, bila kumcheka. "Unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu."

Safari hii babu alipiga mluzi tu.

Kisha mshauri akangoja. Mkurugenzi alikuwa amevumilia vikao vya kutwa nzima, lakini hakuwahi kungojwa.

"Namwogopa huyu," alisema mwishowe, akimwonyesha Waziri kwa kidevu. "Silali tangu tubomoe ule ukuta. Hakuna aliyepona. Watu wamenyamaza kwa sababu majirani wanasikia, na mimi nikasema wamepona kwa sababu yeye hataki habari mbaya."

"Inashuka," alisema babu, kwa sauti ya chini.

Waziri alicheka, maana kamera zilikuwa zikimtazama. Alisema huduma imethibitika inafanya kazi, na kwa hiyo ukuta hautarudi. Akasema pia kwamba Serikali inajali afya ya watumishi wake, kwa hiyo Mkurugenzi ataanza leo mapumziko nyumbani, ambayo mwisho wake utatangazwa. Akageuka kuondoka.

"Mheshimiwa," aliita nesi, kifaa mkononi, kwa sauti yake ya kila siku. "Anayefuata."

Wapiga picha wakainua kamera. Kukataa nako kungepigwa picha, kwa hiyo Waziri aliketi, akatoa kidole kama anayetoa zawadi.

"Unalala, baba?" aliuliza mshauri.

"Fofofo," alisema Waziri.

Benchi zima likainama mbele. Mkurugenzi, aliyekwisha kuvaa koti na ambaye sasa hakuwa na cheo cha kulinda, alimwomba babu asogee kidogo, akaketi kando yake, akaanza kuzisoma namba za Waziri kwa sauti.