Mabao Yatatajwa Nafasi Ikiruhusu

Ilitangazwa rasmi mjini Kitengela, Machi 2003, mbele ya viti arobaini na watu tisa, kwamba soka ya wanawake imepata mkombozi. Mkombozi huyo alikuwa Bwana Nzuki, Afisa wa Taswira ya Michezo, na chombo cha ukombozi kilikuwa Fomu Nambari Saba. Hakuna gazeti ambalo lingeandika habari za mechi ya wanawake bila kuijaza, na yeye mwenyewe kuigonga muhuri.

Sehemu A ilihusu nywele. Sehemu B, mavazi na jinsi yalivyomkaa mhusika. Sehemu C, nani amebaki akipika nyumbani. Sehemu D, tabasamu. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mmoja: mabao yatatajwa nafasi ikiruhusu. Ili kuokoa karatasi, kila mechi ilipewa fomu moja, ijazwe juu ya yule aliyeanzisha mpira. Nywele peke yake zilikuwa zikimaliza nusu ukurasa, kwa hiyo nafasi ilikuwa haijawahi kuruhusu.

Mwanzishaji wa mpira wa timu ya Noonkopir alikuwa Seleyian, mshambuliaji wao. Siku moja alifika ofisini na gazeti mkononi. Alikuwa amefunga mabao manne kule Kisaju, na gazeti lilieleza kwa kirefu rasta zake na mapenzi yake kwa rangi ya zambarau.

"Mzee, kuna college Nairobi imesema itanisomesha bure juu ya mpira," alisema. "Lakini wanataka gazeti yenye inaonyesha magoli. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiwapelekea hii watanicheka."

Bwana Nzuki alimhurumia kwa dhati. "Binti yangu, mabao kila mtu anafunga. Zambarau ni yako."

"Manne si kila mtu, mzee."

"Tutaunda kamati ndogo."

Hakuwa na muda wa zaidi ya hapo. Fainali ilikuwa Jumatano iliyofuata, na wakubwa wa makao makuu walikuwa wanasubiri kusoma habari zake kabla ya kumpandisha cheo. Ili gazeti limtaje, aliamua kuanzisha mpira yeye mwenyewe, ndani ya suti mpya.

Akaupiga. Mpira ulisogea hatua mbili na suruali ikapasuka nyuma. Mechi yote aliitazama akiwa ameketi juu ya faili, huku Seleyian akifunga matatu.

Jioni Mwongeli, mwandishi wa gazeti la kila Alhamisi, alileta fomu. Bwana Nzuki aliangalia kama sehemu zote zimejazwa, zikawa zimejazwa, akagonga muhuri. Kusoma hakukuwa katika utaratibu.

Ijumaa asubuhi alimwita Mwongeli, gazeti likiwa wazi mezani. Kichwa cha habari kilisema: NZUKI APENDEZA LICHA YA SURUALI. Chini yake iliandikwa kwamba suti ilimbana kiunoni, kwamba haijulikani nani alibaki akipika kwake, na kwamba tabasamu lilimtoka dakika ya kwanza. Kisha yakafuata mabao matatu ya Seleyian, moja baada ya lingine, na dakika zake, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Hii fomu ni ya wasichana," alisema Bwana Nzuki.

"Fomu inasema ni ya mwenye ameanzisha mpira. Na ni wewe ulianzisha, mzee."

"Na haya mabao yametoka wapi?"

"Nafasi iliruhusu." Mwongeli alitazama upara wake kwa heshima. "Sehemu A niliandika neno moja tu."

"Miaka kumi na tisa ya kazi yangu, hata cheo changu hujataja."

"Hakuna mahali pa cheo kwa fomu, mzee. Hata Seleyian hajakuwa akitajwa mabao yake. Saa hii yuko college, amewapelekea hiyo gazeti."

Simu ikalia. Ilikuwa makao makuu. Walikuwa wamesoma habari zake zote kwa makini, na kabla ya kuamua juu ya kile cheo walikuwa na swali moja tu: akihamia Nairobi, watoto atamwachia nani?