Kinanda cha Kanyagio Moja

Alhamisi, 2 Juni 1955

Kutoka Iyula hadi Mpemba hakuna anayekijua kinanda cha umeme kama mimi, Nikodemo!

Haya, uongo. Nimekiona leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Mzungu wa shamba la kahawa amerudi kwao, akaliachia kanisa letu kinanda na jenereta yake. Nimekipapasa kote. Mungu wangu! Hakina mifuko ya upepo. Na chini kina kanyagio moja. Moja! Kile cha zamani kilikuwa na mawili. Miaka kumi na minane nimekanyaga, kushoto, kulia, ukipumzika tu kinakata roho. Wazungu hawa la pili wamelisahau Ulaya.

Wazee wa kanisa wamesema Jumapili nipige mimi. Nikiharibu, kiti anapewa Mwalimu Fanueli. Kiti changu! Mtu mwenyewe ana ndevu tatu.

Jumamosi, 4 Juni

Nimeiba kijitabu cha maelezo ili Fanueli asikisome. Nimekikalia tangu asubuhi. Kiingereza kitupu, nami niliishia darasa la pili.

Alasiri kaja mwenyewe, na zile adabu zake zinazoudhi. Kumbe alishakisoma mara mbili! Eti lile kanyagio halivuti upepo wowote. Ukilisukuma mbele sauti inakua, ukilirudisha kwa kisigino inashuka. "Liguse polepole, baba. Mguu utulie."

Mguu utulie! Kinanda gani hupigwa mguu umelala? Nikamwambia mke wangu Sekela huo ni mtego. Akaniuliza mbona nakaa upande upande kama kuku anayeatamia.

Jumapili, 5 Juni

Ulikuwa wimbo wa toba, wa taratibu. Kanyagio ni moja, basi nikalikanyaga kwa kasi ya mawili. Lo! Kinanda kikanguruma, kikanong'ona, kikanguruma tena, kama fahali anayezibwa mdomo na kuachiwa. Kila kikinyamaza nadhani upepo umeisha, nazidi kukanyaga! Mchungaji Yonasi Biblia ikamponyoka. Bibi Ketrina akadhani parapanda ya mwisho imelia. Akapiga magoti, akaungama mbele ya kanisa zima kwamba ule mkungu wangu wa ndizi aliukata yeye. Ketrina! Na mimi mwaka mzima namsingizia Fanueli!

Jumatatu, 6 Juni

Kiti amepewa Fanueli. Sekela amecheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, kwa mwendo ule wa mguu ungekuwa umefika Tunduma na kurudi."

Wacheke. Nimekaa, nimewaza, kosa nimeligundua: sikukanyaga kwa kasi ya kutosha.

Kesho nitamwendea Fanueli. Nitamwambia: mwanangu, mwezi uliopita nani alikutolea nyuki darini, uso ukamvimba kama boga? Ulisema mwenyewe kwamba una deni la fadhila kwangu. Basi sitaki makubwa. Jumapili niachie Amina ya mwisho. Hiyo moja tu, mwanangu. Safari hii nitakanyaga kwa miguu yote miwili.